Mgeni Aliyekikana Kitanda

Niliichukua mashine ya kadi kwa sababu ya watu wa semina. Walikuwa wakija Newala msimu wa korosho, vitambulisho vinaning'inia shingoni, wanauliza chumba, wanabonyeza godoro, wanafungua bomba kuona kama maji yapo, wanaridhika. Halafu mmoja wao anauliza, "Mnapokea kadi?" Nikisema hatupokei, wanarudi kwenye gari na kwenda kwingine, hata kama huko kwingine bomba linatoa upepo mtupu. Ofisi zao zilitaka malipo ya kadi. Hela ya mkononi iliwaletea maswali.

Nyumba yetu ya wageni si kubwa. Mume wangu aliijenga kidogo kidogo kwa hela ya korosho, chumba kimoja msimu huu, kingine msimu ujao, na alipomaliza akairudia mikorosho yake kama mtu aliyemaliza adhabu. Nyumba akaniachia mimi na wifi yangu. Wifi ni dada yake mkubwa. Aliolewa Lukuledi, akakaa huko hadi alipofiwa na mumewe, akaturudia na masanduku mawili na mkono wa kupika ambao sijauona kwa mwingine. Mimi nilishika vyumba na hesabu, yeye akashika jiko. Ananiita Mama Mapacha, kama wanavyoniita wote hapa mtaani, kwa sababu ya wanangu wawili ambao wakati huo walikuwa bado shuleni Chidya.

Ofisa wa benki alipanda kutoka Masasi kutuletea hiyo mashine. Kijana msafi, shati limechomekwa, mwenye heshima. Alitoa shikamoo kwangu, akaenda jikoni kuitoa kwa wifi, akapewa ming'oko ya kuchemsha, viazi vyetu vya porini, akala akiwa amesimama. Kisha akakaa na kishikwambi chake magotini, akawa ananiuliza na kujaza.

"Barua pepe yako, Mama?"

"Sina."

"Usijali, nakutengenezea sasa hivi."

Akabonyezabonyeza, akasema tayari. Sikuuliza ni nini hasa kilichokuwa tayari. Nilichouliza ni makato.

"Katika kila mia mgeni anayolipa, benki inabaki na mbili. Basi."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. "Na hiyo mbili haipandi?"

Kijana akacheka. "Mama Mkubwa, benki si genge la nyanya, bei ipande asubuhi ishuke jioni."

Tukacheka wote. Mimi hata nilimfungia ming'oko ya njiani.

Msimu wa kwanza nilimwona yule kijana kama mtu aliyetumwa na Mungu. Vyumba vilijaa. Wageni walichanja kadi, mashine ikalia, kikaratasi kikatoka, na kesho yake ujumbe wa benki ukaingia kwenye simu yangu. Niliagiza boza la maji bila kumsubiri mume wangu auze gunia. Kwa mtu wa Newala hiyo ni raha ambayo siwezi kumweleza mtu wa mahali pengine. Maji hapa ni ya kununua, na gesti isiyo na maji haina tofauti na banda.

Baadaye nikaanza kuona malipo yanaingia yamepungua kuliko nilivyozoea. Kwa mgeni mmoja makato yalikuwa yale yale ya kila siku, kwa mwingine, aliyelala chumba cha pembeni na kulipa sawasawa na mwenzake, yamekatwa karibu maradufu. Nikampigia ofisa.

"Huyo alitumia kadi ya nje, Mama."

"Huyo ni mtu wa Mbeya. Nimeongea naye mwenyewe."

"Mtu wa Mbeya, kadi ya nje. Inawezekana. Kadi za nje makato yake ni mengine."

"Mbona hukuniambia?"

"Imo kwenye mkataba, Mama."

Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa kwamba dawa ni chungu. Akanieleza kwamba kila kadi ikichanjwa, midomo inayokula ni mitatu. Unaanza wa benki iliyomtolea mgeni kadi, unafuata wa ile kampuni yenye alama yake juu ya kadi, kisha benki yetu yenye mashine. Wale wawili wa mwanzo wana bei zao, wanazipanga wenyewe, na benki yetu inazipokea tu na kunipitishia. Nikamwuliza, "Na mimi nampitishia nani?" Akacheka tena kicheko chake kile. Nikaona ni mambo ya kawaida ya biashara. Hata sokoni ukinunua dagaa unajua kuna vichwa umelipia.

Ndipo akaja huyo mgeni ninayetaka kusimulia habari zake.

Alikuwa mtaalamu wa udongo, katumwa na shirika moja kupima mashamba ya korosho. Mtu wa nchi hii hii, wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kubembeleza. Alikaa kwetu karibu mwezi mzima. Asubuhi akitoka chumbani, kabla hajanywa chai, shikamoo Mama Mapacha, shikamoo Mama Mkubwa, anainama kidogo kama kijana aliyelelewa. Kuku wa wifi na mchuzi wa korosho aliusifia kila alipoula, hata wifi akawa anamwekea paja kabla sijaliona. Nilikuwa na jambo moja tu naye. Siku moja nilipita nyuma nikamkuta ameshika mpira wa tangi letu, anaosha magurudumu ya gari, maji yanatiririka kwenye mchanga. Ilikuwa kiangazi. Watu wa mtaa ule walikuwa wakibeba madumu kwa baiskeli kutoka mbali.

"Mama, usihofu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Ongeza kwenye bili."

Nikaongeza. Lakini sikupenda. Mtu mzima aliyefunzwa adabu hangoji kuambiwa kwamba maji ya Newala hayaoshi magurudumu.

Nilimsamehe haraka, kwa sababu ya wifi. Katikati ya ule mwezi wifi aliugua malaria, ikampanda kichwani akawa anaongea Kimakua na marehemu mumewe. Mume wangu alikuwa shamba, simu haipatikani. Yule mgeni ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari lake, akampeleka hospitali, akakaa naye kwenye benchi mpaka alipotundikiwa dripu. Wifi alipopona alimwita "mwanangu". Hakumwita jina jingine tena mpaka alipoondoka.

Aliondoka kwa haraka. Asubuhi ile mtandao ulikuwa umekatika, mashine inazunguka tu bila kusoma kadi, na yeye anawahi ndege Mtwara. "Mama, nikifika nakupigia nakupa namba za kadi, unaziingiza mwenyewe." Sikutaka. Nikampigia ofisa wa benki, mbele yake, simu imewekwa sauti ya juu.

"Ingiza kwa mkono, Mama. Inakubali," ofisa akasema. "Ni kawaida."

Mchana mgeni akapiga simu kweli. Akanisomea namba polepole, nami nikazibonyeza moja moja, wifi akiwa ananishikia miwani isianguke. Mashine ikakubali. Kikaratasi kikatoka, kirefu. Wifi akapiga vigelegele vya utani pale pale mapokezi, akasema, "Mwanangu yule ni mtu."

Zikapita kama wiki saba, nane. Siku hiyo dereva wa boza alikuwa ameshaegesha nje, mpira umeshafungwa kwenye tangi, nikafungua simu nimtumie hela yake. Salio halikuwepo. Nikadhani simu imekosea, nikaangalia tena. Benki ilikuwa imeichukua ile hela yote ya mgeni, hela ya mwezi mzima, na juu yake ikakata nyingine iliyoitwa gharama ya mgogoro. Na ujumbe wa mwisho ulisema makato yangu kuanzia sasa ni mapya. Hayakuwa mbili tena katika mia. Yalikaribia nne.

Dereva wa boza alifungua mpira wake taratibu, akaondoka na maji.

Kesho yake nikashuka Masasi. Nilifika benki jua limeshaikoleza ile milima ya mawe, joto linatoka juu na chini. Nikakaa kwenye foleni. Ofisa wetu aliponiona alinyanyuka kutoka kwenye kiti chake na kunikaribisha mezani kwake, shikamoo Mama, za Newala, baridi bado ipo? Nikamwambia sikuja kwa ajili ya baridi.

Alitafuta kwenye kompyuta, akasoma, uso ukabadilika. Akaigeuza skrini ili nione.

"Mwenye kadi ameyakana malipo, Mama."

"Ameyakana vipi?"

"Ameiambia benki yake kwamba hakufanya malipo haya. Anasema hajawahi kulala kwenye nyumba yako."

Nikalisoma jina. Lilikuwa lake. Nikaangalia ile mistari ya Kiingereza chini ya jina, nikamwomba aitafsiri. Akatafsiri kwa sauti ndogo: mteja anasema huduma hiyo haijui, mahali hapo hapajui, kadi haikuwepo.

  Nilimwona amembeba wifi mikononi. Nilimwona akivunja paja la kuku. Mahali hapo hapajui.

"Sasa mbona mmempa? Mimi ninyi mnanijua. Ulikula ming'oko kwangu."

"Malipo yaliingizwa kwa mkono, Mama. Kadi haikuguswa na mashine. Kwa hali hiyo mwenye kadi akikana, ni juu ya mfanyabiashara kuthibitisha. Ulipewa siku za kujibu. Hukujibu."

"Nani alinipa hizo siku?"

"Tulikuandikia."

"Mliniandikia wapi?"

Akaisoma ile barua pepe kwenye skrini. Jina langu, limeunganishwa na jina la gesti, na tarakimu mbili mwishoni.

"Hiyo si ile uliyoitengeneza wewe, nyumbani kwangu?"

Akaivuta kibodi karibu.

"Neno la siri ni lipi?"

Alikuwa amelisahau. Alikaa anajikuna shavu, kisha akasema kuna njia. Akabonyeza, na simu iliyotoa mlio ilikuwa yake, pale mezani, kwa sababu siku ile aliandika namba yake mwenyewe ili kazi iishe upesi. Akaingiza tarakimu, ukurasa ukafunguka. Barua zilikuwa zimepangana kutoka juu mpaka chini, zote nyeusi, hazijaguswa. Ipo iliyoniuliza kama yule mgeni alilala kwangu. Ikafuatiwa na nyingine ya kunikumbusha. Na chini yake, za miezi ya nyuma, zilikuwepo zilizotangaza makato yamebadilika, kisha yamebadilika tena. Waliniambia kila kitu. Waliniambia kwa Kiingereza cha ofisini, mahali nisipopajua, na funguo wakakaa nazo wao.

Nikamwonyesha moja kwa kidole. "Hii inasemaje?"

"Kwa kifupi, Mama, inasema yameongezeka."

"Kwa urefu inasemaje?"

Kwa urefu ilisema kwa sababu ya mapitio ya gharama na mazingira ya soko.

Nitamsifu kwa jambo moja. Siku ile aliacha kucheka, akanieleza kama mtu. Alisema makato yanapanda kwa njia nyingi. Ile kampuni yenye alama kwenye kadi ikibadilisha bei yake, sisi huku tunabadilishiwa. Mashine ikikaa kimya miezi mingi, kama yangu inavyokaa korosho zikiisha, benki inakuona mteja mdogo na haikupi bei ya mkubwa. Ukiingiza namba kwa mkono, ni hatari, na hatari inalipiwa. Na mgeni mmoja akikana, unahamishwa kundi, unawekwa na wale wanaotiliwa shaka, na kutoka humo si rahisi.

"Kwa hiyo yeye kadanganya, na mwenye kutiliwa shaka ni mimi."

"Mfumo haujui nani kadanganya, Mama. Unajua tu kwamba kuna mgogoro." Halafu, sijui kwa nini, labda kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli, akaongeza, "Na kadi ya yule ni zile za daraja la juu. Zina makato makubwa zaidi tangu mwanzo, kwa sababu zinampa mwenyewe zawadi. Akitumia sana anapata tiketi ya ndege."

"Zawadi hizo ananunua nani?"

"Zinatoka humo humo kwenye makato."

"Makato yangu."

"Ya wafanyabiashara wote, Mama."

Nikanyanyuka. Kuna maji waliniletea kwenye glasi, sikuyanywa. Nilikuwa nimemlaza mtu, nimemlisha, nimempa maji akaoshea magurudumu, na kumbe nilikuwa namchangia na nauli.

Nyumbani wifi hakukubali. "Yule mtoto? Hawezi. Benki wamekosea jina."

"Basi mpigie."

Akampigia kwa simu yake. Mgeni akapokea mara moja, kwa furaha. "Shikamoo Mama Mkubwa! Naukumbuka mchuzi wako!" Wifi akanitazama kwa ushindi, akanipa simu.

Nikamwuliza bila kuzunguka. Akacheka kwa aibu ndogo, aibu ya mtu aliyekutwa anachokonoa meno.

"Ah, ile. Mama, usiichukulie vibaya. Ofisi ilikataa kunirejeshea, walisema nimepitisha siku nilizopangiwa. Sasa ningefanyaje? Ni hela nyingi. Nikaiambia benki yangu iirudishe. Benki zina bima zao, Mama. Hakuna anayeumia pale."

"Iliyochukuliwa ni yangu."

"Hapana, Mama, ni benki na benki. Mambo ya makaratasi tu."

"Nimeliona salio langu. Boza limeondoka na maji."

"Basi nitaangalia namna ya kufanya," akasema. "Msalimie Mzee."

Baada ya hapo simu yangu hakuipokea tena, wala ya wifi. Wifi alikaa jikoni siku nzima bila kuimba. Hakumtukana. Mimi nilimtukana kwa niaba yetu sote wawili.

Mume wangu aliporudi kutoka shamba nilimweleza akiwa ananawa miguu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudisha mashine."

"Nikirudisha, watu wa semina wanakwenda kwingine."

"Waende. Mti ukikuletea wadudu unaukata."

"Mikorosho yako ina wadudu kila mwaka na hujakata hata mmoja. Unapulizia dawa."

Akaendelea na miguu yake. Mashine tukabaki nayo. Nilijifunza kufungua ile barua pepe mwenyewe, wanangu walinielekeza, na neno la siri nalijua mimi peke yangu. Kutuma malalamiko nilituma, kwa Kiswahili, mara kadhaa. Nilijibiwa kwa Kiingereza kwamba malalamiko yangu ni ya thamani kwao. Yule ofisa akahamishwa tawi. Makato hayakushuka.

Msimu uliofuata mji ulijaa kwa ajili ya minada ya korosho, usingepata chumba Newala hata cha kulala kuku. Siku moja alasiri gari likasimama mlangoni kwetu, wakashuka watu watano. Wa mbele alikuwa yeye.

Nikageuka kumtazama wifi. Alikuwa anautazama mwiko wake.

"Alinipigia juzi," akasema chinichini. "Nikamwambia nafasi zipo. Juzi vyumba vilikuwa vitupu, na chumba kitupu hakinunui maji, Mama Mapacha."

Alikuja moja kwa moja kwangu, mikono miwili mbele, ameinama kidogo kama zamani. "Shikamoo Mama."

Neno la kujibu nilikuwa nalo mdomoni. Tangu nimekuwa mtu mzima sijawahi kumwacha mtu na shikamoo yake hewani. Kwetu hata mlevi barabarani akikuamkia unaitikia, hata mtoto wa adui yako.  Lakini ile marahaba niliimeza.

"Shikamoo Mama," akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, wenzake wakiwa wanasikiliza. Nami nikawa kimya. Akawageukia, akatabasamu. "Mama ana hasira na mimi."

"Uliiambia benki kwamba hujawahi kulala hapa," nikasema. "Basi wewe ni mgeni mpya. Mgeni mpya analipa kwanza, wote, siku zote, ndiyo anaingia."

Mama mmoja katika wale wanne, mtu mzima wa rika langu mwenye miwani, akauliza kuna nini. Yule mgeni akasema, "Mambo ya mashine tu," akatoa simu, akalipa siku tatu za watu watano hapo hapo, kwa simu, si kwa kadi. Niliusubiri ujumbe mpaka ukaingia.

"Na ile ya zamani?"

"Tutaongea, Mama."

Nikawapa funguo. Sijivunii kwamba niliwapa, wala sijutii. Boza lilikuwa linahitajika.

Siku hizo tatu sikumpelekea sahani hata moja. Wifi alimpikia, na nilimwona akimwekea shingo ya kuku. Hakuiongelea, nami sikuuliza. Nilichoshindwa ni shuka. Kila asubuhi nilizitoa zile za kitanda chake kwa ncha za vidole, zinanukia manukato yake mazuri, nikawa naziloweka peke yake, mbali na za wengine. Yeye alizidi kuniamkia. Kila asubuhi shikamoo, na kila asubuhi nikawa na kazi ya kufanya upande mwingine.

Yule mama mwenye miwani alinifuata jikoni jioni ya mwisho. Akaketi kwenye kigoda, akauliza kwa upole hasa nini kilitokea. Nikamweleza yote: namba kwa mkono, kukana, makato, barua zisizosomwa. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa pale panapostahili. "Pole sana, mwenzangu," akasema. "Watu hawana utu siku hizi." Nilifarijika. Nilimmenyea korosho mbichi akala.

Asubuhi wakipakia mizigo alirudi, akanivuta pembeni karibu na tangi.

"Mwenzangu, naomba risiti yangu. Ila iandike siku tano."

"Mmelala tatu."

"Najua. Ofisi imenipa posho ya tano, sitaki usumbufu. Wewe huna unachopoteza, ni kalamu tu."

Nikamwangalia. Alikuwa na uso ule ule wa jana, wa kunipa pole. Hakuona chochote cha kuonea haya, kama vile anaomba chumvi. Nikaingia ndani, nikaandika siku tatu, nikagonga muhuri, nikamletea. Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye pochi bila kuaga.

"Ndiyo maana hamwendelei huku," akasema akipanda gari.

Vumbi lao lilipotulia wifi alikuwa bado amesimama mlangoni, anafuta mikono kwa kanga.

"Ungemwandikia tu," akasema. "Angerudi na wengine."

"Asirudi."

"Unasema hivyo kwa kuwa msimu haujaisha."

Akaingia jikoni. Nikabaki nje na lile beseni la shuka za yule mgeni, nikamwaga maji yake kwenye mpapai, nikaanza kuzifua upya kwa maji mengine.